Kizuizi Kimefungwa

Saa nne asubuhi ya Ijumaa, Inspekta alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa mto, akibonyezabonyeza boya kwa kidole kama mtu anayechagua papai sokoni. Koplo alisimama hatua kumi nyuma yake, mahali ambapo ardhi ilikuwa kavu na majani hayafiki kwenye viatu. Maji hakuyapenda tangu utotoni, na hakuona sababu ya kuanza kuyapenda uzeeni.

Boya lilikuwa la plastiki ngumu ya rangi ya chungwa, nene kama pipa. Lilifuatwa na mengine thelathini na tisa, yametungwa kwenye waya wa chuma kama shanga. Yote yalikuwa yamelala kando ya ukingo huu huu, mkia ukichezacheza majini, na hapo ndipo hasa hayakutakiwa kuwa. Yalitakiwa yawe yamekatisha mto, ukingo hadi ukingo.

Mita mia mbili chini, baada ya kona, kulikuwa na kizingiti: ukuta mfupi uliojengwa kuvuka mto wote, maji yakimwagika juu yake kwa kishindo kilichosikika hadi hapa. Ubavuni mwake kulikuwa na lango la mashua, chumba cha maji chenye milango miwili, ambamo mashua hupandishwa au kushushwa zipite kwa usalama. Chombo kikizimikiwa mota huku juu, maji hayakiulizi kinakwenda wapi. Hukivuta moja kwa moja hadi kizingitini. Ndiyo maana pakawekwa kizuizi cha maboya, kikidake kabla hakijafika.

Jumatano asubuhi hakikudaka kitu. Fundi wa mota, mtu mwenye mke na binti wawili, alikwenda kujaribu mota aliyotoka kuitengeneza. Ikamzimikia katikati ya mto. Walimtoa chini ya kizingiti saa tatu, akiwa maiti.

Kesi, kwa jinsi ilivyoandikwa kituoni, ilikuwa nyepesi kama karatasi zake. Kulikuwa na mchimba mchanga anayeitwa Nyundo. Kizuizi kilimlazimisha kupanga foleni langoni na mashua yake ya mchanga, na mwezi uliopita aliapa mbele ya watu wengi kwamba atakifumua. Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alionekana ng'ambo ya mto ameshika spana. Mdomo huponza kichwa. Sasa alikuwa mahabusu, na saa nane mchana angefikishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la mauaji.

"Koplo," alisema Inspekta bila kugeuka, "mtu akitaka kufumua kitu, anakifumuaje?"

"Anakikata, Afande. Au anakivunja."

"Hiki hakikukatwa. Njoo uone."

Koplo alisema anaona vizuri kutoka pale alipo. Inspekta akamwonyesha hivyo hivyo kwa mbali: ncha ya waya ilikuwa nzima, imekunjwa kitanzi, na kitanzi hakina hata mchubuko. Ng'ambo, kwenye nguzo ya saruji, pete ya chuma ilikuwa nzima pia. Kilichokosekana ni kile kiungo cha kati, kinachoshika kitanzi na pete. Nyundo aliposachiwa hakukutwa nacho. Wapelelezi wa kwanza waliandika kwamba alikitupa mtoni, na mto haukuwa na la kujitetea.

Aliinuka, akakung'uta magoti, akatembea polepole akifuata maboya. Hakuwa na haraka na mambo madogo. Wenzake walimcheka kwamba akitumwa kukamata mwizi wa baiskeli atarudi akijua baiskeli inavyoundwa. Kwenye kisiki cha mti karibu na boya la mwisho alikuta kipande cha kamba ya katani. Kilikuwa kimefungwa kwa fundo safi, la mtu anayejua kazi, lakini ncha yake nyingine ilikuwa imechanika, nyuzi zimetawanyika.

Koplo alidhani ni kamba ya kufungia mtumbwi. Inspekta alikubali kwamba huenda. Akauliza kama mto ulikuwa umejaa zaidi siku zilizopita, na Koplo akamwonyesha alama ya tope kwenye kisiki: Jumatano mchana maji yalipanda kiasi cha goti. Inspekta alikifungua kile kipande, akakitia kwenye bahasha, wakaelekea ofisini.

Ofisi ya lango ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama milango ya maji. Kila kitu ndani kilikuwa mahali pake. Funguo zilipangwa kwa ukubwa, makoti ya mvua yalining'inia kwa usawa, na juu ya meza kulikuwa na daftari la zamu, rula na kalamu mbili, moja ya bluu na moja nyekundu. Mlinzi wa lango mwenyewe alikuwa amenyooka kama rula yake, sare imepigwa pasi ingawa alikuwa na msiba. Marehemu alikuwa shemeji yake. Mjane, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa akikaa kwake tangu siku ile, katika nyumba iliyo ng'ambo ya lango.

Aliwakaribisha viti, akauliza kwanza habari ya Nyundo. Alitaka kujua kama saa nane ni saa nane kweli, maana amesikia kesi huahirishwa. Alisema atakwenda mwenyewe kushuhudia. Alisema hayo kwa sauti ya chini, bila kelele, na chuki yake ilikuwa wazi zaidi kwa sababu hiyo.

Inspekta alimwomba amweleze kile kiungo kilichopotea.

"Tunakiita pingu," alisema mlinzi.

Koplo, bila kujua, aligusa mkanda wake mahali pingu zake zilipo.

"Si hizo zako, Koplo. Ni chuma kama kwato ya punda, kina msumari wa kupita katikati. Msumari unakazwa kwa spana, halafu unafungwa waya mwembamba usije ukajifungua wenyewe kwa mtikisiko wa maji."

"Na za akiba mnazo?"

"Mbili. Zile pale." Zilining'inia ukutani kwenye misumari, na chini yake karatasi ya orodha ilisema: pingu za akiba, mbili.

Inspekta alizitazama, akazigeuza, akaanza kuzunguka chumba akiuliza kila kitu ni cha nini. Hii rangi ya nini? Hii grisi mnanunua au mnaletewa? Mlinzi alijibu kwa uvumilivu wa mtu anayemtembeza mgeni. Kwenye rafu ya chini, nyuma ya ndoo ya brashi, kulikuwa na kopo la maziwa la zamani limejaa mafuta meusi. Inspekta aliingiza vidole viwili, akatoa kitu kizito kinachodondosha mafuta. Kilikuwa kama kwato ya punda. Msumari wake ulikuwamo pia, pamoja na kipande cha waya mwembamba kilichokunjwa vizuri ili kitumike tena.

Mafuta yalidondoka sakafuni, na mlinzi, kwa mazoea, alichukua kitambaa akafuta.

"Hii ni ya tatu," alisema Inspekta. "Nani huloweka vitu kwenye mafuta hapa?"

Mlinzi alisema hajui. Yeye alikuwa likizo wiki mbili, akarudi kazini Jumatano ile ile saa kumi na mbili asubuhi. Katika wiki hizo lango lilishikwa na mlinzi aliyeletwa kutoka kituo kingine, mbali huko juu ya mto. Wenyeji walimbatiza jina la Wa Kuazima. Aliondoka Jumatano alfajiri na lori la kwanza, akaacha daftari mezani na funguo dirishani, hata hawakukutana.

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo," alisema Koplo, kisha akaona hakuna anayecheka.

Inspekta aliifikiria ile pingu. Mhalifu aliyefungua kizuizi ili watu wafe angeitupa mtoni, kama walivyodhani wenzake. Hangevuka nayo mto, akaingia nayo katika ofisi yenye kufuli, akailoweka ili kutu itoke, na kutunza hata kipande cha waya. Huyu alikuwa mtu anayejali chuma. Alikifungua kizuizi mchana kweupe, kwa nia ya kukirudisha.

Akaomba daftari.

Ukurasa wa Jumanne ulikuwa ndio nguzo ya kesi, na alikuwa ameshaukariri. Wa Kuazima aliandika, kwa mwandiko mkubwa wa kulala: *Saa kumi na moja jioni. Nimesafisha magugu. Kizuizi kimefungwa.* Wapelelezi wa kwanza waliupigia mstari. Kama Jumanne jioni kizuizi kilikuwa kimefungwa, na Jumatano kimekutwa wazi, basi kuna aliyekifungua kati ya hapo, na aliyeonekana na spana ni Nyundo.

Lakini Inspekta hakuwa ameonyeshwa kurasa za nyuma. Alizifunua sasa moja moja. Jumatatu: *Kizuizi kimetandazwa.* Jumapili: *Kizuizi kimetandazwa.* Jumamosi, vilevile. Siku kumi na tatu mfululizo neno lilikuwa hilo hilo, na kila mahali lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake, kwa mwandiko ulionyooka, pameandikwa *kimefungwa*.

"Nani amesahihisha?"

"Mimi." Mlinzi hakuona haya. "Jumatano asubuhi, nilipopokea zamu. Kimetandazwa, kimetandazwa, utadhani anazungumzia mkeka. Kizuizi hufungwa, Afande, kama mlango. Miaka ishirini na miwili tunaandika kimefungwa, maana yake mto umefungwa, chombo hakipiti. Nikasema huyu mzee hakusomeshwa kazi."

"Na ukurasa wa Jumanne hukuusahihisha."

"Ule ulikuwa sawa. Nilifurahi, kusema kweli. Nikasema hatimaye ameshika adabu, ameandika kama watu."

Inspekta alilifunga daftari taratibu. Koplo, aliyemfahamu miaka sita, alivuta kiti chake karibu na meza bila kuambiwa.

Namba ya simu ya Wa Kuazima ilikuwa nyuma ya jalada. Inspekta aliipiga, akaweka sauti ya nje, akailaza simu juu ya meza kati yao watatu. Ilijibiwa na mzee mchangamfu mwenye kelele za kuku nyuma yake. Habari za msiba zilikuwa hazijamfikia, na kabla Inspekta hajamaliza kujitambulisha mzee alishaanza kumaliza shida anayodhani amepigiwa.

"Mmeshakirudisha kile kizuizi? Maana pingu nimeiacha kwenye mafuta, rafu ya chini. Ule msumari uliganda kutu, ikabidi niugonge hadi ng'ambo wakanitazama. Uacheni siku mbili, utalainika."

"Ulikiacha wapi kizuizi chenyewe, mzee?"

"Si nimeandika? Kimefungwa."

"Kimefungwa wapi?"

"Kando, kwenye kisiki. Nilikiachia upande wa ng'ambo nipate kutoa magugu, maji yakakileta, nikakifunga kwa kamba ya katani. Kamba yenyewe nzee, niliwaandikia walete mpya." Akafukuza kuku. "Kwani kuna tatizo?"

Inspekta alimuuliza, kwa upole, huko kituoni kwake neno hilo hulitumia vipi. Mzee alishangaa kuulizwa. Huko kwao mto ni mpole, alisema, kizuizi hukaa kando mwaka mzima, kimefungwa, na msimu wa mafuriko ndipo hutandazwa kukatisha maji. Kikitandazwa unaandika kimetandazwa, kikifungwa unaandika kimefungwa.

"Kitu kilichofungwa si kimefungwa, Afande? Hata mbuzi akifungwa, hajaziba njia."

Inspekta alimshukuru, akamwambia akae karibu na simu, atampigia tena na kumweleza. Alipokata, hakumtazama mlinzi. Alitazama dirishani, ambako mashua moja ilikuwa ikisubiri chumba cha maji kijae, ikipanda kidogo kidogo.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

Koplo ndiye aliyesema kwanza. Kama ni hivyo, alisema, Nyundo hana kesi, spana ilikuwa ya mashua yake kama anavyodai, na tupige simu mahakamani. Inspekta alitikisa kichwa. Alifungua jalada lake akatoa karatasi moja, akaiweka mbele ya mlinzi. Ilikuwa maelezo yake ya Jumatano, na saini yake imenyooka chini. Akaisoma mwenyewe kwa sauti, mahali alipotaka: "Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilitembea hadi kwenye kona, nikakiona kizuizi kwa macho yangu kimefungwa, ukingo hadi ukingo."

Mlinzi alikuwa ameshika kalamu nyekundu. Aliiweka chini.

"Mzee anasema tangu Jumanne jioni kilikuwa kando," alisema Inspekta. "Wewe unasema Jumatano asubuhi kilikuwa kimekatisha mto. Mmoja wenu amekosea."

"Yule ni mzee. Anasahau."

"Pingu haisahau. Ilikuwa kwenye mafuta ndani ya ofisi yako. Kizuizi kilisimamaje bila pingu?"

Mlinzi aliisogeza rula ikae sawa na daftari. Baadaye aliuliza, sauti yake ikiwa ndogo sana, "Hakimu atasema pingu inaweza kuwekwa kwenye kopo na mtu yeyote, siku yoyote. Neno langu na la yule, atalichukua lipi?"

Inspekta hakuwa na desturi ya kudanganya watu ili waseme kweli. "Lako. Una miaka ishirini na miwili hapa, ulikuwepo, na umetia saini. Ukisema uliona, Nyundo anakwenda na maji."

Koplo alitaka kusema kitu, Inspekta akamzuia kwa mkono. Nje, milango ya chini ya lango ilianza kuvuja kwa sauti ya kukoroma. Mlinzi alisikiliza sauti hiyo kwa muda, kama mtu anayesubiri imsaidie.

"Sikwenda," alisema.

Yalipotoka hayo, mengine yalifuata yenyewe. Ilikuwa siku yake ya kwanza baada ya likizo. Mashua mbili zilishapiga honi langoni. Sheria ilisema apokee zamu kwa kutembea hadi kwenye kona na kuangalia kizuizi, lakini daftari lilikuwa mezani, limejaa makosa, na yeye ni mtu asiyeweza kuona kosa akaliacha. Akakaa kusahihisha. Shemeji yake alikuja katikati ya kazi hiyo. Marehemu hakuwahi kujaribu mota huku juu bila kuuliza kwanza. Fundi mwangalifu, angeishi kuzika wenzake wote.

"Alisimama hapo mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Akaniuliza, 'Shem, kimefungwa?' Nikafunua ukurasa wa Jumanne nikamsomea. Nikamwambia, kimefungwa, nenda." Aliligusa daftari kwa kidole. "Na mlipokuja nikaandika nimeona, kwa sababu nilijua kipo. Nilikuwa na uhakika. Nilichukia mtu aliyekifungua, Afande, nikachukia usiku na mchana, na kumbe hakuna mtu."

Inspekta alimwonea huruma, na hakuificha. Lakini alisogeza mbele yake karatasi nyeupe. Alimweleza kwamba maelezo mapya yanatakiwa yaandikwe kwa mkono wake, yafike mahakamani kabla ya saa nane, na kwamba kusema uongo katika yale ya kwanza ni kosa ambalo naye atalijibu. Hakupunguza kitu. Mlinzi alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja tu, kama dada yake atayajua.

"Yatasomwa mahakamani. Amesema atakuja."

"Basi nipe dakika tano. Asiyasikie kwa hakimu."

Koplo alimtazama Inspekta. Kumruhusu shahidi kutoka wakati kama huu hakukuwa katika kitabu chochote cha kazi. Inspekta alisema, "Nenda."

Walimwona kupitia dirishani. Alipita juu ya mlango wa lango akishika vyuma vya pembeni, mtu aliyevuka hapo mara elfu bila kushika kitu. Upande wa pili mdogo wake alikuwa uani, anaanika nguo, ovaroli za bluu za mumewe, alizokuwa amezifua zote ingawa hazikuwa na wa kuzivaa. Mlinzi alisimama mbele yake akasema. Haikuchukua muda. Mjane alibaki ameshika ovaroli moja iliyolowa, inamdondokea miguuni. Hakupiga kelele, hakumpiga. Aliuliza kitu kifupi, akajibiwa, akarudi kwenye ndoo, akaendelea kukamua nguo ile ile, akiikamua na kuikamua.

Mlinzi alirudi, akakaa, akavuta karatasi. Mstari wa kwanza, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake, ulipinda.

Koplo alikuwa ameshatoka nje kupiga simu mahabusu. Inspekta alingoja hadi karatasi ilipojaa na kutiwa saini, ndipo akauliza, maana asingelala bila kujua.

"Amekuuliza nini?"

Mlinzi alifunga kalamu.

"Ameuliza, hapo kwenye kona ni mbali?" Alitazama dirishani, kule mto unakopinda. "Nikamwambia si mbali. Nikamwambia ningekwenda na kurudi, hata chai ya mumewe isingepoa."